Kiti, gĩtĩ na chuo cha miaka miwili (Sehemu ya Tatu)

Leo nilikusudia kueleza namna ya kuhama kutoka chuo cha kijamii cha miaka miwili kwenda chuo kikuu huko Marekani, kwani vyuo vyenyewe tumeshavichambua katika sehemu mbili zilizopita. Lakini tangu Ngũgĩ wa Thiong'o afariki, Mei 28, 2025, kuna jambo halinitoki. Tulimlilia mwandishi wa riwaya. Wangapi tulikumbuka kwamba huko Irvine, California, alikuwa profesa wa fasihi linganishi?

Sasa mzazi mmoja aliyeko Marekani ameniandikia: binti yake anataka isimu na fasihi linganishi, naye anamsukuma kwenye uuguzi. Mzazi mwenzangu, vuta kiti nikueleze.

Kiti hichohicho Mkikuyu hukiita gĩtĩ. Kikombe kwake ni gĩkombe, kitanda ni gĩtanda. Mitaani tunamcheka kwamba hajui kutamka. Isimu inatukanya. Katika Kikuyu, k ya kiambishi ikifuatwa na silabi inayoanza kwa k, t au c, hulainika ikawa g. Isipofuatwa hivyo hubaki ilivyo: mvulana mdogo ni kahĩĩ, ila mwanamke mdogo ni gatumia. Ndiyo sababu sisi twasema Kikuyu, wenyewe wakasema Gĩkũyũ. Tuliyemdhania kukosea kumbe anafuata sheria.

Sheria hiyo inaitwa Kanuni ya Dahl. Edmund Dahl alikuwa mmisionari wa Kimoravia aliyefanya kazi Unyamwezi, na mwaka 1903 mwanaisimu Carl Meinhof akaipa kanuni jina lake. Wanyamwezi nao walikuwa wakiitamka vizazi na vizazi, jina likaenda kwa mgeni. Linaniuma, lakini sina wa kumlaumu: yeye alisikiliza akaandika, sisi tulikuwa tunachekana.

Fasihi nayo hulinganishwa vivyo hivyo. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, akaiita Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara mmoja amekuwaje mabepari wengi? Ukilijibu swali hilo umeigusa Venice, umeigusa Tanzania ya Azimio la Arusha, na hujatoka kwenye jalada. Mwaka mmoja kabla, Ngũgĩ na wenzake Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe, fasihi ya Afrika ikae katikati na nyingine zipimwe kutokea hapo. Hawakudai Shakespeare afukuzwe; walidai asiwe mwenye nyumba.

Nafasi inakwisha nami kuhama sijakugusa. Kwa ufupi: vyuo vingi vya kijamii vina somo moja tu la utangulizi wa isimu, na fasihi linganishi huja kwa jina la fasihi ya dunia. Binti achukue yote mawili, aongeze lugha ya kigeni, na kwa California aangalie mfumo wa ASSIST kujua chuo kikuu kitapokea masomo gani. Afanye hivyo muhula wa kwanza, si wa mwisho.

Uuguzi ni kazi ya heshima, sikatai. Ila usimwambie mtoto kwamba lugha ya bibi yake haisomewi. Wageni waliisomea, wakaondoka na jina.

Itaendelea: ada na makazi.