Taa Isiyowaka: Kutafuta Hitilafu katika Njia ya Mkongo

Tunapozungumzia mawasiliano ya kompyuta, aghalabu tunataja satelaiti na mikongo ipitayo chini ya bahari. Hata hivyo, shule iliyoko Butiama yaweza kukosa mtandao kwa sababu ya chembe moja ya vumbi. Makala haya yanaeleza jinsi hitilafu kama hiyo inavyotafutwa kwa utaratibu wa kisayansi.

Mkoa wa Mara si mgeni katika jambo hili. Katika miaka ya 2000, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), ikishirikiana na chuo kikuu cha KTH cha Sweden na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ilifanya majaribio ya kuunganisha taasisi za umma katika wilaya za Bunda na Serengeti. Mkongo uliotumika ulikuwa wa TANESCO, uliofungwa pamoja na njia za umeme.

Katika kila mwisho wa njia kama hiyo huwekwa swichi, yaani chombo kinachopokea habari na kuzielekeza kwenye kompyuta inayohusika. Swichi mbili zikisikilizana, taa ndogo huwaka kando ya tundu. Isipowaka, hakuna barua wala somo litakalopita.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika taasisi moja mjini Musoma, ambayo swichi yake ilikuwa imekatika mawasiliano na tawi lake la Bunda. Mafundi walikuwa wamekwisha kubadili swichi, moduli ya mwanga na mipangilio, yote kwa siku moja. Taa haikuwaka, na hakuna aliyeweza kusema badiliko lipi limeleta nini.

Tulianza na hesabu. Kutoka Musoma hadi Bunda ni kama kilomita 60. Mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550 hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kila kilomita. Hivyo kilomita 60 hupoteza desibeli 12. Tukiongeza desibeli 3 kwa ajili ya viungo, jumla ni 15. Moduli ya awali iliweza kuvumilia upotevu wa desibeli 23. Lakini ile mpya ilikuwa ya nanomita 1310, ambayo upotevu wake ni takriban desibeli 0.35 kwa kilomita, nayo ilitengenezwa kwa umbali wa kilomita 10 tu! Tiba ya haraka ilikuwa imeleta ugonjwa wa pili.

Tulirudisha moduli ya awali, kisha tukapima mwanga. Upotevu ulikuwa desibeli 25. Desibeli 10 za ziada maana yake ni kwamba ilifika sehemu moja tu ya kumi ya mwanga uliotazamiwa. Tukafungua kiungo, tukakisafisha kwa kitambaa maalumu na spiriti, tukapima tena: desibeli 15. Taa ikawaka. Kiini cha mkongo, kinachopitisha mwanga, kina upana wa mikromita 9 hivi. Chembe ndogo ya vumbi yatosha kukiziba.

Utaratibu, basi, ni huu. Kwanza, hakikisha pande zote mbili zina umeme na tundu halikufungwa kwa amri. Pili, tazama kama uzi wa kutumia umeunganishwa na tundu la kupokelea la upande wa pili. Tatu, linganisha moduli. Nne, safisha na upime. Mwisho kabisa, kagua mapatano ya kasi, kwani upande mmoja ukiyataka na mwingine ukiyakataa, taa yaweza kuwaka upande mmoja tu. Badili jambo moja kwa wakati mmoja na uandike matokeo. Wala usichungulie kamwe ndani ya mkongo: mwanga wake hauonekani, lakini waweza kudhuru jicho.

Zoezi kwa wanafunzi: ikiwa njia ya nanomita 1310 ina urefu wa kilomita 60, na viungo vinapoteza desibeli 3, je, moduli inayovumilia desibeli 23 itatosha?