Kamera ya zamani: usitupe roli tupu

UKIRITHI studio Kayanga au Nkwenda, ukakuta kamera kama Yashica Mat-124G, usiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 1986, lakini filamu yake, namba 120, iliyoanzishwa na Kodak mwaka 1901, bado inatengenezwa. Ilford ya Uingereza wanayo.

Ugumu uko kwenye hesabu. Filamu moja hutoa picha 12 tu, na wewe uliye Karagwe au Kyerwa itabidi uiagize mbali, kisha uisafishe mwenyewe. Anza na nyeusi na nyeupe. Picha za pasipoti waachie wenye dijitali. Hapo huwezi kushindana.

Kiwanda hakitoi tena vipuri. Fundi huchinja kamera mbovu ya aina hiyo hiyo, kama mafundi wa pikipiki wanavyofanya, kwa hiyo ukiona iliyokufa kwa bei nafuu, inunue. Roli tupu nayo ni kipuri: bila hiyo filamu mpya haina pa kujiviringishia. Betri ya zebaki ya kipima mwanga ni shida kuipata, ila shata ni ya springi, hufanya kazi bila betri.

Kabla hujalipa, elekeza lenzi kwenye mwanga. Ukiona nyuzinyuzi za ukungu, teremsha bei au uondoke.