Kutangulia si kufika: uchaguzi wa Marekani wa mwaka 1916

Wajukuu zangu, sogeeni niwasimulie habari za mtu aliyetangazwa kuwa rais usiku wa Jumanne, na Ijumaa ilipofika ikajulikana kwamba si rais. Mambo haya yalitokea kweli, Marekani, mwezi Novemba mwaka 1916.

Wagombea wakubwa walikuwa wawili. Woodrow Wilson wa chama cha Democratic alikuwa rais tayari, akiomba kipindi cha pili. Mpinzani wake, Charles Evans Hughes wa chama cha Republican, aliwahi kuwa gavana wa New York, kisha akawa jaji wa Mahakama ya Juu. Aliacha ujaji ili agombee urais.

Wakati huo dunia ilikuwa imewaka moto. Vita vilivyoanza Ulaya vilikuwa vimefika hadi kwetu: Septemba ya mwaka huohuo Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, na wafuasi wa Wilson walizunguka nchi nzima wakisema kwamba yeye ndiye aliyewaepusha na vita hivyo. Kwa mama mwenye watoto wa kiume, maneno hayo yalikuwa mazito.

Sasa jiulizeni: watu walipataje habari? Redio ilikuwa haijaingia majumbani, na televisheni haikuwapo. Gazeti ndilo lililokuwa jicho na sikio la mwananchi. Tena magazeti mengi hayakuficha upande wake; msomaji alijua hili ni la Wilson, lile ni la Hughes. Usiku wa uchaguzi umati ulijaa nje ya ofisi za magazeti. Matokeo yaliingia kwa simu na telegrafu, yakaandikwa mbele ya watu, na taa za juu ya majengo zikawashwa kuwaashiria waliokuwa mbali nani anaongoza.

Kabla sijaendelea, shikeni jambo moja. Marekani rais hachaguliwi kwa kujumlisha kura za nchi nzima. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wa kumchagua rais, na kwa kawaida anayeshinda jimbo huwachukua wote. Mwaka 1916 wajumbe walikuwa 531, kwa hiyo aliyetaka ushindi alihitaji 266.

Jumanne, tarehe 7 Novemba, kura zikapigwa. Jioni yakaanza kuingia matokeo ya mashariki, na karibu yote yalikuwa mazuri kwa Hughes. Akachukua New York, New Jersey, Connecticut, kisha Indiana na Illinois. Wahariri wa New York walizoea kuamini kwamba anayeshinda majimbo makubwa ya upande huo ameshinda nchi. Basi wakatangaza: Hughes ni rais! Hata New York Times na New York World, magazeti yaliyomtaka Wilson, yalikubali kwamba mtu wao ameshindwa. Wilson mwenyewe alikuwa katika nyumba yake ya New Jersey karibu na bahari. Alipoletewa habari hizo, akaenda kulala.

Lakini Marekani ni nchi pana. Saa tatu usiku New York, California ni saa kumi na mbili jioni tu. Kule magharibi kura zilikuwa hazijahesabiwa. Ohio nayo, jimbo kubwa ambalo wengi walilihesabu kuwa la Hughes, ikaenda kwa Wilson. Kulipopambazuka, majimbo ya magharibi yakaanza kuingia moja baada ya jingine, na mengi yakawa ya Wilson. Magazeti yaliyokuwa yameshachapisha ushindi wa Hughes yalikuwa tayari mikononi mwa wasomaji.

Macho yote yakageukia California, yenye wajumbe 13. Kule kulikuwa na vijiji vya milimani na vituo vilivyokuwa mbali na mji, na karatasi zilihesabiwa kwa mkono. Nchi ikangoja Jumatano, ikangoja Alhamisi. Mwishowe ikaonekana kwamba Wilson ameshinda California kwa kura zisizofika 4,000, kati ya karibu milioni moja zilizopigwa. Hesabu ya mwisho ya nchi ikawa wajumbe 277 kwa Wilson, 254 kwa Hughes. Mpeni Hughes wale 13 wa California, atapata 267. Angekuwa rais kwa wajumbe hao tu.

Kwa nini watu wa California waliamua hivyo? Sababu ni nyingi, nitawapa mbili. Ya kwanza ni salamu. Mwezi Agosti Hughes alifika California kuomba kura. Siku moja akapumzika katika hoteli moja huko Long Beach, na humohumo alikuwamo gavana wa jimbo, Hiram Johnson, wa chama chake mwenyewe. Wakaondoka bila kuonana. Hughes alieleza baadaye kwamba hakujua Johnson yumo, lakini habari zilishaenea magazetini, na wafuasi wa gavana wakaona kiongozi wao amedharauliwa. Novemba Johnson akashinda useneta kwa tofauti ya karibu kura 300,000. Maelfu waliomchagua yeye hawakumchagua Hughes.

Sababu ya pili ni wanawake. California iliwapa haki ya kupiga kura mwaka 1911, miaka tisa kabla ya nchi nzima. Mwaka 1916 wanawake waliweza kumchagua rais katika majimbo 12, na Wilson alishinda 10 kati yake. Wahariri waliotazama New York tu hawakuwaona wapiga kura hao. Na wako ambao hata sanduku la kura hawakulifikia: Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini, waliozuiwa kwa kodi, kwa mitihani ya kusoma na kwa vitisho. Uchaguzi ule ulikuwa na tofauti ndogo sana, na mamilioni walinyimwa sauti. Huo ulikuwa udhalimu, na msiusahau.

Msidhani kura moja ni kitu kidogo. Katika jimbo la New Hampshire Wilson alishinda kwa kura 56. Watu 56 ni wachache kuliko wanafunzi wa madarasa mawili.

Hughes hakuchochea ghasia. Alingoja hesabu ithibitishwe, kisha tarehe 22 Novemba akampelekea Wilson telegramu ya pongezi.

Wahenga walisema, kutangulia si kufika. Wahariri wa 1916 waliona nani ametangulia wakasema amefika. Nanyi mtakapokua mtasikia matangazo kama hayo, yakiwafikia kwa haraka kuliko telegrafu yoyote. Kabla hamjashangilia wala kukasirika, ulizeni: vimehesabiwa vituo vingapi? Vilivyobaki viko wapi? Huko wanaishi akina nani? Asiyejibu maswali hayo matatu hana mshindi wa kuwatangazia, hata sauti yake iwe kubwa namna gani.