Boga kubwa huanzia kwenye mbegu

BOGA la takriban kilo 1,247 lililompa ushindi Travis Gienger wa Minnesota, Marekani, huko Half Moon Bay, California, Oktoba 2023, ni la aina ya Atlantic Giant, iliyoendelezwa na mkulima Howard Dill wa Nova Scotia, Kanada.

Anayeanza hana budi kutafuta mbegu za aina hiyo, kwani za boga la kawaida hazifikii ukubwa huo hata zikipewa samadi nyingi. Ua la kike huchavushwa kwa mkono asubuhi na mapema, kisha hubakizwa tunda moja kwa kila mmea ili lisigawane chakula na mengine.

Umwagiliaji usibadilike-badilike. Maji mengi ya ghafla baada ya ukame huweza kulipasua boga, na ufa ukifika uwazi wa ndani, huondolewa mashindanoni hata likiwa zito kuliko yote.