Sanduku Jipya, Nyaya za Kale

Nyumbani kwa shangazi yangu, Mji wa Kale, Mombasa, kulikuwa na ada moja ambayo sote tuliikuta na tukaifuata bila ya kuuliza: friji haifunguliwi ila kwa kuvaa champali. Mtoto akisahau, mkono humshtuka kidogo, wenziwe wakamcheka kwamba friji ina jini. Hali hiyo ilidumu miaka.

Karibu na Ramadhani wanawe walichanga fedha wakabadilisha sanduku la fyuzi, lile la vishikio vya kauri ambavyo fyuzi ikiungua hufungwa uzi mpya wa waya. Likawekwa la kisasa, lenye swichi mbili za kukata umeme unapovuja, moja ya chini na moja ya ghorofani. Usiku wa kwanza taa ya ngazini ilipowashwa, giza. Mara giza la chini, mara la juu. Siku ya tatu fundi akasema swichi zenyewe ni mbovu, afadhali aziruke, apitishe waya moja kwa moja. Shangazi, na futari yake nusu mbichi jikoni, nusura akubali.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Fyuzi ya kale iliwekwa kuulinda waya, si kumlinda mtu. Huyeyuka pale mkondo unapozidi kiwango chake, tuseme ampea 5 za taa au 30 za jiko. Lakini sehemu ya kumi ya ampea moja yatosha kumuua mwanadamu, na fyuzi isijue kwamba kumetokea jambo. Swichi mpya hufanya kazi ya mweka hazina: hupima umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorejea kwa waya wa pili. Upungufu ukifika ampea 0.03, hukata kabla ya theluthi ya sekunde kupita.

Alikuja fundi wa pili, mtu mzima, mwenye leseni ya EPRA. Hakuigusa swichi kwanza; aliuliza habari za nyumba. Taa ya ngazini ikamfunulia siri: fundi wa zamani, kwa kubana matumizi ya waya, aliutoa umeme wake katika laini ya chini akaurejesha kwa laini ya juu. Chini ya fyuzi mambo yalikwenda. Chini ya swichi mbili, moja huona umeme umetoka usirudi, na nyingine huona umerudi ambao haukutoka kwake. Tena ni hatari kwa fundi mwenyewe, maana huzima laini ya juu akidhani waya umekufa, kumbe una uhai wa chini.

Kisha akaja kwenye friji. Soketi yake haikuwa na waya wa ardhi, ambao mafundi huuita athi. Ulikatwa zamani ukaachwa ndani ya ukuta. Alipouunganisha tu, swichi ikakata. Yaani ule umeme uliokuwa ukivuja kwenye mota ya friji, miaka yote haukuwa na njia ya kwendea ardhini isipokuwa mikono ya wanawake na watoto wa nyumba ile. Nilipolisikia hilo sikucheka tena.

Zilizobaki alizipima kwa chombo kinachosukuma volti 500 katika nyaya, vyombo vyote vikiwa vimechomolewa. Laini isiyofika megaohmu 1 haifai. Ya jikoni haikufika. Kuta zetu za matumbawe na chokaa hunywa unyevu wa chumvi, na juu ya boriti panya walikuwa wamekwisha kuguguna. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wazime taa wanapolala, kwa hofu ya panya kuuburuta utambi akawaunguzia nyumba. Panya wetu hahitaji utambi. Laini hiyo ikatandazwa upya ndani ya paipu juu ya ukuta. Kipimo hiki kingefanywa kabla ya sanduku kununuliwa, gharama ingejulikana mapema.

Mama wa nyumba, swichi ikikata, chomoa kila kitu, uiinue, kisha rudisha chombo kimoja kimoja. Ikikata na hakuna kilichochomekwa, basi tatizo limo katika nyaya za nyumba. Mwite fundi, wala usifungue sanduku mwenyewe. Kila baada ya miezi michache bonyeza kitufe chake cha kujaribia; isipokata, haikulindi. Ukiona friji, pasi au mfereji wa maji unakupiga, usizoee. Na mwenye nyumba ya kukodisha anayeijua kasoro hii akainyamazia huku akipokea kodi, ajue kwamba kuficha aibu ya kitu katika muamala ni haramu, na nyaya hazikutolewa humo.

Friji ya shangazi sasa watoto huifungua miguu mitupu. Yeye mwenyewe champali hajazivua.