Mizani ya Mlolongo na magereza yaliyofurika

Mji wa Mlolongo ulipata jina lake kwa malori. Yakitoka Mombasa na mizigo, yalijipanga hapa kando ya barabara kuu, moja nyuma ya jingine, yakisubiri zamu ya kupanda mizani. Ukisimama karibu utaona jinsi kazi inavyofanyika: lori linapanda pole pole, na karani anasoma tarakimu. Sheria ya Afrika Mashariki inasema lori la ekseli saba lisizidi tani 56. Likizidi, haliendi. Mzigo utapunguzwa au utapangwa upya, na faini italipwa.

Huwa naikumbuka mizani hiyo kila ninaposikia chama cha siasa kikiahidi kupunguza msongamano magerezani. Kwa miaka mingi magereza ya Kenya yamebeba karibu mara mbili ya watu yaliyojengewa. Zaidi ya theluthi yao ni mahabusu, watu ambao hakuna mahakama iliyowapata na hatia. Lori likizidisha mzigo husimamishwa, lakini gereza huendelea kupakiwa.

Ahadi hazijakosekana. Serikali ya KANU ndiyo iliyopitisha Sheria ya Huduma kwa Jamii mwaka 1998, ile inayomruhusu hakimu kumpa mkosaji anayestahili kifungo cha miaka 3 au chini yake kazi ya umma isiyo na malipo badala ya jela. Wananchi wanaiita kifungo cha nje. NARC ilipoingia madarakani mwisho wa 2002, Moody Awori, akiwa waziri na kisha Makamu wa Rais, aliwafungulia wanahabari na mashirika milango ya magereza. Wafungwa walipata magodoro na sare mpya, na wengi wa makosa madogo wakaachiliwa. Wakenya hawajasahau wema huo. Wengi wanamjua kwa jina la Uncle Moody. Hata hivyo, Aprili 2008 askari jela wenyewe waligoma, na kamati iliyoongozwa na Marsden Madoka ikakuta msongamano uko pale pale.

Ukaja utawala wa Jubilee. Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwabadilishia wafungwa 2,747 hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Ulikuwa uamuzi wa utu, lakini haukuacha nafasi hata ya mkeka mmoja sakafuni, kwa sababu hakuna aliyetoka. Mwaka 2020, korona ilipoingia, mahakama zilipitia upya hukumu na kuwaachilia maelfu ya wafungwa wa makosa madogo. Lakini Machi 27 mwaka huo huo kafyu ilianza, na polisi wakawa wanawakamata watu waliochelewa kufika nyumbani. Waliotoka kwa mlango wa nyuma waliacha nafasi kwa walioingizwa kwa mlango wa mbele.

Hapo ndipo penye kasoro ya miradi hii yote. Vyama vinahesabu wanaotoka. Siku ya kuachilia wafungwa kuna kamera, hotuba na machozi ya mama anayemkumbatia mwanawe. Mlango wa kuingilia hauna sherehe, na kwa mtu wa Mlolongo mlango huo hauko gerezani. Uko barabarani, kituo cha polisi, na mbele ya hakimu anayetamka masharti ya bondi.

Tuseme kijana wa boda boda amekamatwa kwenye msako wa Ijumaa jioni. Wikendi yote yuko seli. Dada yake anakuja na chakula ndani ya mfuko wa karatasi, anasimama nje, anauliza kwa sauti ya chini atatolewa lini. Jumatatu anapandishwa kizimbani, anakana mashtaka, anapewa bondi. Mdhamini anatakiwa alete hati ya shamba, au logbuku ya gari. Mlolongo ni mji wa wapangaji. Watu wamekuja kufanya kazi kwenye maghala na viwanda vya Athi River, kuuza chakula kwa madereva, kuosha malori, kubeba mizigo. Hati ya shamba, kama ipo, iko kijijini kwa jina la babu. Pikipiki ni ya mkopo, na logbuku yake iko kwa aliyekopesha. Hakimu ametoa dhamana, sheria imefuatwa, na kijana analala rumande.

Akikiri kosa ili yaishe, atakutana na faini. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, anayeshindwa kulipa faini ya shilingi 10,000 anaweza kufungwa hadi miezi 3. Mwenye duka kubwa ataituma kwa simu kabla chai haijapoa. Mama mboga ataitumikia kwa siku zake na za watoto wake. Kosa ni moja, lakini maskini ndiye anayejaza gereza.

Na sheria tunayo. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema bayana kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6. Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliozinduliwa Januari 2017 ulionyesha kwamba makosa madogo madogo ndiyo yanayoelemea vituo vya polisi na mahakama. Tatizo tunalijua na dawa imeandikwa.

Mji huu unajua pia kwamba shtaka dogo laweza kuwa silaha. Juni 23, 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake mwendeshaji boda boda na dereva wa teksi waliokuwa naye walitekwa baada ya kutoka Mahakama ya Mavoko, manispaa ambamo Mlolongo umo. Mteja huyo alikuwa amemlalamikia polisi aliyempiga risasi, kisha akajikuta yeye ndiye mshtakiwa. Wote watatu waliuawa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia waliokuwa maafisa watatu wa polisi na raia mmoja. Anayesema makosa madogo ni jambo dogo aikumbuke kesi hiyo.

Najua jirani zangu wengi wanaogopa wezi, na wana haki ya kuogopa. Lakini gereza lililojaa wachuuzi na walevi halina nafasi wala askari wa kutosha wa kumsimamia jambazi, na kijana wa kosa dogo anayelala ubavuni mwake hurudi mtaani na ujuzi asiokwenda nao.

Kifungo cha nje kingepunguza mengi ya haya, ila kinataka kazi ya mikono na miguu. Afisa wa urekebishaji tabia lazima aende nyumbani kwa mkosaji, azungumze na jirani na mwenye nyumba, aandikie mahakama ripoti, kisha ahakikishe yule mtu kweli anafyeka nyasi shuleni au kufagia zahanati. Kama hana usafiri na kesi zimemlemea, ripoti itachelewa, na ripoti ikichelewa mshtakiwa anarudishwa rumande kuisubiri.

Barabara ya Expressway inaanzia hapa Mlolongo, kilomita 27 hadi Westlands, na ilifunguliwa 2022. Ilikamilika kwa sababu ilikuwa na mkataba, pesa na tarehe. Kifungo cha nje kina sheria tangu 1998, lakini hakijawahi kusukumwa kwa nguvu iliyosukuma zile nguzo za saruji.

Muungano wa Kenya Kwanza uliomba kura mwaka 2022 kwa jina la mahasla, watu wa kipato cha chini, na mahasla ndio wanaolala kwa zamu rumande. Kwa uchaguzi wa Agosti 2027 vyama vitarudi Mlolongo na vipaza sauti. Mgombea akikuambia atapunguza msongamano magerezani, usimuulize ataachilia wangapi. Muulize maafisa wangapi wa urekebishaji tabia ataajiri Mavoko, mpangaji asiye na hati ataaminiwa kwa dhamana ipi, na ni makosa gani atayafuta vitabuni ili mtu asikamatwe kabisa. Asiye na jibu kwa hayo matatu, mnyime kura yako.