Unga wa mwani: kabla hujaandika "unatibu", soma hapa

Siku hizi naulizwa sana: "Bwana shamba, bei ya mwani mkavu ni ndogo. Nikisaga unga nikauza kama kirutubisho, italipa?" Inaweza kulipa. Ila hii inaingia mwilini mwa mtu, kwa hiyo tuelewane kwanza.

Mwani tunaolima Zanzibar, Tanga mpaka Mtwara ni spinosamu na kotonii. Una nyuzinyuzi nyingi, ndizo zinazofanya uvimbe na kuteleza ukiuloweka. Zinasaidia choo na zinaleta shibe. Una pia potasiamu, kalsiamu na madini joto.

Hapo kwenye madini joto ndipo penye kazi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250. Yakipungua, goita. Yakizidi, tezi ya shingoni inavurugika pia, na goita inaweza kutokea vilevile. Na wateja wako wengi tayari wanayapata kwenye chumvi ya mezani. Usinakili kipimo cha kopo la mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Ule kwa kawaida una madini joto mengi kuliko huu wetu.

Jambo la pili: mwani hunyonya kilichomo majini, hata risasi, kadimiamu na arseniki. Kama shamba liko karibu na bandari au bomba la majitaka, mwani huo usiwe wa kula.

Ukiamua kuanza, fanya hivi:

1. Osha kwa maji safi ya bahari, anika kwenye chanja, si mchangani.
2. Peleka sampuli maabara: madini joto, metali nzito na vimelea.
3. Sajili bidhaa TBS. Walioko Zanzibar, ZFDA.
4. Kwenye lebo andika aina ya mwani, ulikovunwa, tarehe na kiasi cha kutumia. Ongeza onyo: mwenye tatizo la tezi, mjamzito na anayenyonyesha waone daktari kwanza.

Na yale maneno "unatibu kisukari, presha, nguvu za kiume", yaache kabisa. Ukisema unatibu, umeshaingia kwenye sheria za dawa. Kubwa zaidi, kuna mzee atakuamini, ataacha vidonge vyake vya presha, atabaki na kopo lako. Hiyo siyo biashara, ni mzigo utakaoubeba mwenyewe.

Uza chakula kizuri, useme ni chakula. Mteja atarudi.